Mtumishi Anayeweza Kuondoka

Maneno haya niliwaambia walimu, wauguzi, maofisa ugani na watendaji wa vijiji walioajiriwa karibuni, siku ya mwisho ya mafunzo yao elekezi. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, nikaongeza pale ambapo muda ulinibana.

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa mlioko meza kuu, na ninyi watumishi wapya ambao ndio wenye siku hii: asalamu aleikum, tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe. Kama kuna niliyemwacha, habari za asubuhi.

Nimepewa mada ya maadili. Siku hizi chache mmefundishwa Kanuni za Kudumu za utumishi wa umma, likizo, nidhamu, upandishwaji vyeo na namna ya kujaza tathmini. Sitayarudia hayo. Mimi nilifanya kazi katika ofisi ya fedha mpaka nikastaafu. Mikononi mwangu zimepita fomu nyingi za mikopo, barua nyingi za uhamisho na, inaniuma kusema, barua za kufukuzwa kazi za watu niliowapenda. Kutokana na hayo nina neno moja tu la kuwapa. Mtumishi anayeishi kwa kiasi anaweza kuondoka, na mtu anayeweza kuondoka ndiye ambaye hapana yake ina uzito. Asiyeweza kuondoka, hapana yake inasikilizwa kwa adabu, kisha anasubiriwa mpaka aibadilishe.

Turudi mwaka 1955. Julius Nyerere alikuwa mwalimu katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Alikuwa miongoni mwa Watanganyika wachache mno wenye shahada, na ya kwake aliipata Edinburgh. Alikuwa na mke, watoto wadogo na mshahara wa uhakika. TANU ilikuwa imezaliwa tarehe 7 Julai 1954, chama kichanga kisichokuwa na fedha za kumlipa mtu. Mwezi Machi akasafiri hadi New York, akazungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi, wakubwa wa shule wakamtaka achague: ualimu au siasa. Akaandika barua ya kuacha kazi.

Tumezoea kuisimulia habari hii kwa upande wa ujasiri, na ujasiri ulikuwapo. Mimi mtu wa hesabu naomba leo tuitazame kwa upande wa matumizi. Alirudi kwao Butiama, na kwa miezi kadhaa akawa anawasaidia mapadre wa Maryknoll katika lugha ya Kizanaki. Baadaye familia ikakaa Magomeni, na mkewe, Mama Maria, akaendesha duka dogo ili watoto wale. Nyumba ile ya Magomeni sasa ni makumbusho. Mkifika Dar es Salaam nendeni mkaione. Kama maisha ya nyumba ile yangekuwa ya gharama kubwa, barua ya kuacha kazi isingeandikwa. Hakuna ambaye angehitaji kumtisha Nyerere wala kumfunga. Ada, kodi na madeni vingemaliza kazi hiyo kimya kimya, naye angebaki Pugu akifundisha vizuri sana, na historia ingemtafuta mtu mwingine.

Akaondoka tena. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, yeye akiwa Waziri Mkuu. Wiki sita baadaye, mwezi Januari 1962, akajiuzulu kiti hicho ili azunguke nchini kukijenga chama. Fikirini jambo hilo. Umepigania kitu kwa miaka yote hiyo, umekipata, bado kina harufu ya rangi mpya, unamkabidhi mwenzako na kurudi barabarani.

Aliyekabidhiwa ni Rashidi Kawawa, na hapa mniruhusu nikae kidogo, kwa sababu Mzee Kawawa hatumsemi vya kutosha. Mwezi Desemba mwaka huohuo Tanganyika ikawa jamhuri, Nyerere akarudi akiwa Rais, na Kawawa akashuka ngazi moja bila kununa. Akawa Makamu wa Rais. Baada ya Muungano wa mwaka 1964 akawa Makamu wa Pili. Mwaka 1972 akawa Waziri Mkuu tena. Mwaka 1977 akampisha Edward Sokoine, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi, naye akaenda kuikalia wizara hiyo ambayo Sokoine alikuwa ameiacha. Mwaka uliofuata Idi Amin akavamia Kagera, na nchi ikaingia vitani ikiwa na waziri wa ulinzi ambaye chini ya miaka miwili nyuma alikuwa mkubwa kuliko mawaziri wote. Hakuna aliyesikia Kawawa akilalamika kwamba ameshushwa. Alipofariki tarehe 31 Desemba 2009 alizikwa Madale, shambani kwake.

Mimi nimeona mtumishi akiugua kwa sababu amehamishwa kutoka ofisi yenye zulia kwenda ofisi isiyo na zulia. Simcheki, kwa sababu maumivu yake yalikuwa ya kweli. Alikuwa amejenga maisha yake yote juu ya cheo, ndiyo maana cheo kilipotikisika na yeye akatikisika. Kuishi kwa kiasi hakuishii kwenye fedha. Kuna mtu anavaa mitumba na kula dagaa, lakini hawezi kuishi siku moja bila kuitwa mheshimiwa, na huyo naye amefungwa.

Kisha yuko Mzee Ali Hassan Mwinyi. Miaka ya sabini alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Huko Shinyanga na Mwanza, katika msako wa watuhumiwa wa mauaji ya uchawi, watu walifia mikononi mwa vyombo vya dola. Yeye hakumpiga mtu wala hakutoa amri ya kupiga. Mwaka 1977 alijiuzulu uwaziri, kwa sababu waliofanya vile walikuwa chini ya wizara yake. Wengi wenu mnafahamu kilichofuata: alikwenda Misri kuwa balozi, akarudi serikalini, mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na tarehe 5 Novemba 1985 Mwalimu Nyerere aling'atuka na kumwachia yeye Urais wa Muungano. Msiisome habari hii kana kwamba alijiuzulu akijua atalipwa Urais. Mwaka 1977 hakuna aliyeweza kumwahidi hilo. Alitoka akiwa mwalimu wa zamani kutoka Zanzibar aliyejua kwamba akikosa kila kitu bado chaki inamjua.

Sasa mtaniuliza: hao ni viongozi wakubwa, sisi ni watendaji wa vijiji, maadili ya marais yanatuhusu nini? Yanawahusu sana, na waliotunga Azimio la Arusha waliliona hilo. Tarehe 5 Februari 1967 TANU ilitangaza masharti ya uongozi. Kiongozi awe mkulima au mfanyakazi. Asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari. Asiwe na mishahara miwili au zaidi. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Na kiongozi haikuwa na maana ya waziri peke yake. Masharti yalishuka mpaka kwa madiwani na kwa watumishi wa vyeo vya kati na vya juu.

Watu wengi walilisoma hilo la nyumba ya kupangisha kama wivu dhidi ya wenye nyumba. Lisomeni upya. Mwenye nyumba kumi za kupangisha anapokaa kwenye kikao cha kupanga kodi za nyumba, anaamua kama nani? Hata akiwa mtu mwema kabisa, nyumba zake zinakaa naye kwenye kikao na kumnong'oneza. Azimio halikumwambia kiongozi kwamba ni mwizi. Lilimwambia kwamba akiwa na vitu vya aina hiyo, kuna maamuzi ambayo hataweza tena kuyafanya kwa haki. Na miezi michache kabla ya Azimio, tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wakalaumu na mishahara ya wakubwa. Mwalimu alikasirika, akawarudisha nyumbani karibu 400. Hapohapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Ukali ule kwa vijana wasomi wengine wanaulaumu mpaka leo. Ila lawama yao kuhusu mishahara aliisikia, na aliyeanza kukatwa ni yeye.

Masharti yale yalilegezwa na Azimio la Zanzibar mwaka 1991, na tangu hapo mtumishi anaruhusiwa kuwa na hisa, biashara na nyumba za kupangisha. Sijaja hapa kuwaomba mrudi mwaka 1967. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi atangaze rasilimali na madeni yake kwa maandishi kila mwaka. Nawaomba mlitazame hilo neno la pili, madeni. Sheria inajua kwamba kinachomfunga mtu si kile alicho nacho tu. Anachodaiwa kinamfunga zaidi.

Niwaeleze nilichokiona kwa macho yangu, bila kutaja watu wala mahali.

Palikuwa na mama mmoja, mtunza stoo. Mzabuni alileta saruji ya kujengea madarasa, na mifuko ikawa pungufu kuliko ilivyoandikwa. Mama akahesabu, akahesabu tena, akakataa kusaini hati ya kupokelea mali. Akaitwa ofisi ya juu, akaambiwa iliyobaki itakuja kesho, asaini ili malipo yasichelewe. Akajibu kwamba atasaini kesho ikishafika. Hakupaza sauti. Wiki chache baadaye ikatoka barua ya uhamisho, kituo cha mbali ambako gari lilipita siku ya mnada tu. Tulidhani atalia. Alifunga vitu vyake, vikatosha nyuma ya pikapu: kitanda, godoro, masufuria, cherehani, na mabegi mawili. Hakuwa na mkopo. Alikuwa akilipia chumba kwa mwezi. Watoto wake walisoma shule ya serikali, na alijua hata kule alikopelekwa shule ya serikali ipo. Alitupa mkono mmoja mmoja akaondoka.

Nafasi yake akapewa kijana hodari, mcheshi, tuliyempenda sote. Kijana huyo alikuwa na mkopo wa benki wa kiwanja, mkopo wa pili wa chama cha akiba na mikopo alionunulia gari, na deni la tatu mtaani, la wale wenye riba ambao ninyi vijana mnawaita kausha damu. Akaletewa hati kama ileile. Nilikuwapo alipoulizwa kwa upole sana: wewe si una familia? Akasaini. Akasaini na nyingine. Wakaguzi walipokuja, leja ya stoo ilisema kitu kimoja na stoo yenyewe ikasema kingine, na saini ilikuwa ya kwake. Aliyemwamuru hakuwa ameandika neno popote. Kijana akapoteza kazi, na kiwanja kikauzwa.

Nimemfikiria sana kijana yule. Hakuwa mwizi kwa tabia. Katika ile saruji sidhani kama alipata hata mfuko mmoja. Aliuza saini yake kwa woga, na woga ule ulitengenezwa taratibu, fomu moja baada ya nyingine, na baadhi ya fomu zile nilizipokea mimi mezani kwangu, zikiwa zimejazwa sawasawa, hakuna kanuni iliyovunjwa. Ndiyo maana siwezi kuwaambia tu msiibe. Siku ya kuamua kuiba au kutoiba, mara nyingi uamuzi umeshafanyika miaka mitatu nyuma, siku ulipochagua aina ya maisha.

Miaka karibu 1,900 iliyopita aliishi mtu aitwaye Epictetus. Alizaliwa mtumwa, akakulia Roma, mguu wake mmoja mbovu. Baada ya kupata uhuru alifundisha falsafa, na Kaisari Domitianus alipowafukuza wanafalsafa, akaenda kufungua shule Nicopolis, upande wa Ugiriki. Alikuwa na taa ya chuma. Usiku mmoja mwizi akaingia akaichukua. Epictetus akasema kesho yake atanunua ya udongo. Kisha akawaeleza wanafunzi wake kwamba mwizi yule ameilipia taa bei kubwa mno, kwani ili aipate imembidi awe mwizi. Mimi habari hiyo hainitoki. Kila kitu tunachonunua kina bei mbili, moja imeandikwa dukani, nyingine ni ile ya tunachogeuka kuwa ili tukipate. Na mtu huyu hakuwa tajiri anayewahubiria maskini. Alikuwa mtumwa, alijua hasa kumilikiwa na mtu mwingine kukoje, na alishangaa kuona watu walio huru wakijitafutia bwana kwa hiari yao.

Sasa nataka nizuie kosa moja kabla halijaota mizizi. Sisifu umaskini. Waliokuwapo mwanzoni mwa miaka ya themanini watanielewa. Tulipanga foleni ya sukari, foleni ya sabuni, tukala unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, na ukitaka sare ya shule ya mtoto ulihitaji kumjua mtu. Kabla ya hapo, katika Operesheni Vijiji, watu walihamishwa kwa nguvu kutoka kwenye nyumba na mikorosho yao. Mwalimu huyuhuyu ninayemsifu kwa kuishi kwa kiasi ndiye aliyekuwa madarakani. Kuishi kwa kiasi hakumfanyi mtu awe sahihi katika kila jambo, na ni hatari kumwamini kiongozi kwa sababu tu viatu vyake vimechakaa. Na foleni ya sabuni haikumfanya yeyote kuwa mwema. Wengine iliwafundisha kuficha na kulangua. Kiasi kina thamani kinapochaguliwa na mtu ambaye angeweza kuchukua zaidi. Muuguzi anayelala kwenye nyumba inayovuja hafundishwi falsafa, anaonewa, na mwajiri wake awajibike kuiezeka.

Kwa hiyo dai haki zako. Dai posho ya kujikimu, dai malimbikizo, dai kupandishwa daraja wakati wake. Mtu wa kiasi ndiye anayedai vizuri zaidi, kwa kuwa hadai akiwa amepiga magoti.

Nirudi kwenye hesabu, maana huko ndiko maneno haya yanapopata mwili. Chukua mshahara wa msingi wa shilingi 700,000. Mfuko wa pensheni, PSSSF, unachukua asilimia 5, yaani 35,000. Mwajiri wako anaongeza asilimia 15 juu yake. Bima ya afya inachukua asilimia 3, ni 21,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu, asilimia 15 inakwenda huko, ni 105,000. Kodi ya mapato, kwa viwango vya sasa, ni kama 49,000. Jumla makato ni 210,000. Unabaki na 490,000, na hujakopa popote.

Sasa anakuja kijana wa benki, amevaa vizuri, anakuita bosi. Kanuni inasema baada ya makato yote mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara. Theluthi ya 700,000 ni kama 233,000. Kijana anatoa kikokotoo na kukuonyesha kwamba una nafasi ya kukatwa kama 257,000 kwa mwezi, na kwa miaka saba au minane unaweza kupata mamilioni leo mchana. Hajakudanganya neno lolote. Ila ameichukua ile theluthi, ambayo iliwekwa iwe ngome ya mwisho ya mtumishi asife njaa, akaigeuza kuwa makazi yako ya kudumu. Ukisaini, kwa miaka minane wewe ni mtu wa 233,000. Kodi ya chumba humo, chakula humo, nauli humo, mtoto akiugua humo. Hapo ndipo simu ya kausha damu inapoanza kuonekana ya kirafiki.

Sisemi usikope. Nimewaona watu waliokopa wakajenga chumba na sebule, wakahamia, wakaacha kulipa kodi, na deni likaisha wakiwa wamenyooka. Ninachosema ni kwamba kopa kiasi ambacho, ukihamishwa kesho au ukilazimika kuondoka kesho, hakitakufanya usaini kitu usichokiamini. Hicho ndicho kipimo changu, na sijaona kilicho bora zaidi.

Kuna mzigo mwingine usio na fomu: sherehe. Kadi ya mchango inakuja, imeandikwa kiasi cha mtu mmoja na kiasi cha wawili. Kuna sendofu, kuna kitchen party, kuna harusi, kuna kitenge cha sare cha kila moja. Kisha kundi la WhatsApp linaanza kutaja majina ya waliotoa na waliobaki. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na kila mwaka ofisini nilimwona mtu akilipa. Mchango ni wema wetu mkubwa, na jamii isiyochangiana imekufa. Lakini mwanzo ulikuwa ni kumsaidia mwenye shughuli apike, mchele ukaja, maharage yakaja, akina mama wakaja na mwiko wa mkono wao. Sasa tunachangia ukumbi, mapambo na mshehereshaji. Toa unachoweza, kitaje mapema, na siku ya shughuli nenda ukacheke na watu kwa moyo mweupe. Ukishindwa kutoa, nenda ukaoshe vyombo. Atakayekudharau kwa hilo amekuonyesha mapema kwamba si mtu wa kumtegemea siku ya msiba.

Na furaha. Wengi wakisikia kuishi kwa kiasi wanaona mtu aliyenuna anayehesabu vijiti vya kiberiti. Mwalimu aliporudi Butiama alilima, alicheza bao, na aliitafsiri Injili kwa tenzi, beti kwa beti, kazi isiyomwingizia chochote cha maana. Tangu ujana wake alikuwa mtu wa namna hiyo: akiwa Rais, mbele yake nchi nzima, alipata muda wa kumtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili. Huo muda ulitoka wapi? Sehemu ya jibu, naamini, ni kwamba hakuwa na mambo mengi ya kusimamia yaliyo yake mwenyewe. Nami katika kustaafu kwangu nawaona wenzangu waliojenga majumba mengi. Wanaamka na fundi bomba, wanalala na mpangaji asiyelipa. Wenye shamba dogo na bao chini ya mwembe ndio wanaoulizia hali ya mgonjwa mtaani, kwa sababu wana nafasi ya kukumbuka.

Mngechagua mapema kitu kimoja kisicho na gharama kinachowapa raha: kwaya, mpira wa jioni, bustani ya mchicha, kusoma, kufuga kuku wachache, kujitolea kufundisha watoto Jumamosi. Mwenye kitu hicho, jioni haimtumi baa wala dukani.

Niliposhuka jukwaani, muuguzi mmoja aliomba kuuliza. Alisema: "Shikamoo baba. Mimi ndiye wa kwanza kuajiriwa kwetu. Mama aliuza ng'ombe ili nisome, na sasa ameshataja bati. Wadogo zangu watatu wako shule. Nikiishi kwa kiasi, si ndio kwanza watachukua chote?"

Nilimjibu marahaba mwanangu, na kwamba hilo ni swali zito kuliko hotuba yangu. Kusomesha wadogo zako si anasa, na mama yako kutaka bati si tamaa. Lakini nyumbani wanajua laki saba. Makato hawayajui, na wewe unaona aibu kuyataja, kwa hiyo kila mwezi wanadhani unaficha, nawe unakopa ili wasidhani hivyo. Mshahara wa kwanza ukiingia, chapisha hati yako ya mshahara uende nayo nyumbani. Kaa na mama, msomee mstari kwa mstari, hata kama hajui kusoma. Mwambie kiasi cha wadogo kila muhula, na bati tano kila baada ya miezi miwili, mpaka nyumba iezekwe, na kwamba hutakopa kwa ajili ya hilo. Akiuliza kwa nini zisije zote kwa mara moja, mwonyeshe mstari wa Bodi ya Mikopo, umkumbushe kwamba ng'ombe aliowauza walilipa nusu ya shule yako, na ile nusu nyingine ndiyo hii unayokatwa sasa.